Makumbusho ya Kisumu yanaweza kuonyesha filamu, ila yaanze na giza

Kwa Mhariri,

Kila wazo la kuonyesha filamu katika Makumbusho ya Kisumu linapotajwa, mazungumzo huanzia kwenye projekta: ipi kubwa, ipi yenye mwangaza mkali, nani atafadhili. Sisi tunaofanya kazi ya kuonyesha filamu tunaomba nafasi gazetini mwako tuseme kwamba hapo sipo pa kuanzia. Katika shughuli hii yote, projekta ndiyo rahisi kupata. Kinachoangusha mfululizo wa filamu ni chumba kisicho na giza, kopi mbovu, na maombi ya haki yaliyotumwa kwa kuchelewa.

Wako wanaouliza makumbusho yanatafuta nini kwenye filamu. Jumba la sinema huonyesha filamu kwa kuwa imetoka juzi. Makumbusho huionyesha kwa kuwa ni kazi ya sanaa, na huipanga pamoja na kazi nyingine za mtu yule yule ili mtazamaji aone jinsi mkono wa fundi ulivyokomaa na ulivyobadilika. Museum of Modern Art ya New York ilianzisha maktaba yake ya filamu mwaka 1935, Iris Barry akiwa msimamizi wa kwanza, wakati ambapo filamu nyingi za kale zilikuwa zikitupwa au kuyeyushwa ili madini ya fedha yaliyomo yatolewe. Mwaka uliofuata Henri Langlois na wenzake wakaanzisha Cinémathèque française mjini Paris. Hao hawakuwa na filamu mpya za kushindania. Walikuwa na kopi zilizochaguliwa, mpangilio uliofikiriwa na chumba chenye giza.

Makumbusho yetu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, si ya sanaa peke yake. Yana boma la Kiluo la Ber-gi-dala, samaki, nyoka, na vyombo vya jamii za magharibi mwa Kenya. Lakini tayari yana desturi ambayo filamu inaihitaji sana: kitu kinapowekwa mbele ya mgeni, huelezwa ni nini na kimetoka wapi. Filamu nayo inastahili hivyo hivyo, na tutalirudia jambo hili.

Sasa giza. Projekta haiwezi kutia weusi kwenye skrini. Inatia mwanga tu. Sehemu nyeusi ya picha ni pale ambapo projekta haikuangaza, kwa hiyo weusi wake hauwezi kuzidi jinsi skrini inavyoonekana projekta ikiwa imezimwa. Dirisha moja lenye pazia jepesi linatosha kugeuza kila kivuli kuwa kijivu, na tukio la usiku linapotea kabisa: sauti zinasikika, watu hawaonekani. Hapo ndipo waandaaji hukimbilia projekta yenye nguvu zaidi, na fedha zinaisha.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Picha yenye upana wa mita 3 na kimo cha mita 1.69 ina eneo la mita 5 za mraba na ushee. Kiwango cha mwangaza kinachofuatwa katika majumba ya sinema ni kandela 48 kwa kila mita ya mraba. Kwa skrini nyeupe ya kawaida, picha ya ukubwa huo inahitaji takriban lumeni 760 (lumeni hupima mwanga unaotoka kwenye projekta). Projekta ya ofisi ya lumeni 3,000, hata taa yake ikichakaa hadi nusu, bado ina akiba, mradi lumeni hizo ziwe za kipimo cha ANSI wala si namba iliyochapishwa tu kwenye boksi. Fedha zinazobaki ziende kwenye mapazia.

Kitambaa kiwe kizito kisichopitisha mwanga, kivuke fremu ya dirisha kwa sentimita 30 kila upande, na pale vipande viwili vinapokutana vipandane kwa sentimita 20. Ukuta unaozunguka skrini, pamoja na dari iliyo karibu nayo, upakwe rangi ya kijivu kilichokoza. Ukiachwa mweupe, mwanga wa picha yenyewe hugonga ukuta na kuirudia skrini. Kipimo chetu ni hiki: funga kila kitu saa 8 mchana, keti ndani dakika 10 ili macho yazoee, kisha fungua gazeti hili. Ukiweza kusoma kichwa cha habari, rudi kwenye mapazia. Taa za mlango wa dharura zisizimwe kamwe. Zikingwe upande wa skrini na zimulike sakafu.

Ukifunga chumba hivyo mjini Kisumu, umefunga pia joto. Mtu aliyeketi kimya hutoa takriban wati 100, kwa hiyo watu 56 ni sawa na hita ya kilowati tano na nusu iliyowashwa kwa saa mbili. Tumetaja 56 kwa sababu ndiyo idadi inayokaa vizuri mbele ya picha ya mita 3: safu 7 za viti 8, safu ya kwanza mita 4 kutoka kwenye skrini, ya mwisho mita 10. Hewa itolewe kwa feni ya ukutani inayovuta nje, na tundu lake lifunikwe kwa kasha la mbao lililopakwa rangi nyeusi ndani na kupindwa mara mbili. Hewa hupinda kona, mwanga haupindi. Tundu la kuingizia hewa liwe upande wa pili, chini, nalo lifanyiwe vivyo hivyo.

Tunajua wapo wanaotaka filamu zionyeshwe nje, kwenye nyasi. Kwa usiku mmoja wa ufunguzi, na filamu fupi, hatupingi. Kwa mfululizo mzima tunapinga. Jua la Kisumu linazama kati ya saa 12:30 na saa 1 jioni, na giza la kutosha halifiki mpaka saa 1:15 hivi. Filamu ya saa mbili inaisha saa 3:15, mazungumzo bado, na anayekwenda Nyamasaria au Mamboleo anawazia matatu badala ya filamu. Mvua zetu zinapenda alasiri na jioni. Halafu kuna visubi wa ziwani. Msimu wao ukifika, wanafuata mwali wa projekta kwa maelfu, wanaganda kwenye lenzi na kuziba kichujio cha hewa. Mashine inapata joto na kujizima katikati ya onyesho, na taa iliyozimika kwa joto haiwaki tena mpaka ipoe.

Ndani ya chumba, jambo linalosahauliwa zaidi ni kimo cha skrini. Sakafu ya makumbusho ni tambarare, na kichwa cha mtu aliyeketi kiko karibu mita 1.2 hadi 1.3 kutoka chini. Maandishi ya tafsiri hukaa ukingo wa chini wa picha. Ukining'iniza skrini mita 0.8 kutoka sakafuni, kuanzia safu ya tatu hakuna anayesoma kitu. Ukingo wa chini uanzie mita 1.3, maana yake wa juu utafika mita 3, kwa hiyo chumba chenye dari ya chini ya mita 3.2 kisichaguliwe hata kama kinapendeza kwa mengine yote. Projekta nayo ielekezwe skrini moja kwa moja. Ikipigwa kutoka pembeni, picha hupinda, na kuinyoosha kwa kitufe cha mashine kunapunguza nukta za picha na kulainisha herufi.

Pia umbo la picha lisiguswe. Baadhi ya filamu za miaka ya 1960 zina umbo linalokaribia mraba: upana ni mara 1.37 ya kimo. Kompyuta na projekta za leo zimezoea 1.78, na mtu akiona nafasi nyeusi pembeni mkono unamwasha kubonyeza kitufe cha kujaza skrini. Nyuso zinanenepa kwa asilimia 30, magurudumu ya mkokoteni yanakuwa mayai. Kwenye skrini yetu ya mita 3, filamu ya namna hiyo inachukua mita 2.3 katikati, pembeni paachwe peusi, na ikiwezekana pafunikwe kwa kitambaa cheusi. Zima pia kila mpangilio wa mashine unaodai kulainisha mwendo. Filamu ni picha 24 kwa sekunde, na kompyuta inayotoa 60 huzigawa bila usawa, hivyo kamera inapozunguka polepole picha inarukaruka. Tafuta chaguo la 24 kwenye mpangilio wa skrini kabla ya siku yenyewe.

Kuhusu sauti tutasema kidogo. Spika mbili ziwe kando ya skrini, usawa wa masikio au juu kidogo, sio nyuma ya watu. Piga kofi moja chumbani kikiwa kitupu. Mwangwi ukisikika, zulia sakafuni na mapazia mazito kwenye ukuta wa nyuma vitasaidia maneno kueleweka kuliko kuongeza nguvu ya spika. Mvua kubwa ikipiga mabati hakuna spika inayoishinda. Simamisha filamu, washa taa hafifu, subiri. Ndiyo maana tunapendekeza mfululizo wa kwanza uwe Januari na Februari, kabla ya masika.

Tukija kwenye haki, kuna dhana iliyoenea kwamba ukinunua DVD umeruhusiwa kuionyesha. Hapana. Umenunua ruhusa ya kuitazama nyumbani. Onyesho la makumbusho, hata la bure, linahitaji kibali cha maandishi cha mwenye haki au msambazaji wake, na ada ya kawaida kwa filamu ya kale huwa dola mia kadhaa kwa onyesho moja. Barua iseme tarehe, idadi ya viti, kama kuna kiingilio, na kopi itachezwa kwa mashine gani. Barua isiyo na hayo hujibiwa kwa maswali, na kila swali ni wiki nzima. Kwa filamu za Afrika, hasa za nchi zilizotawaliwa na Ufaransa, mahali pa kwanza pa kuuliza ni Cinémathèque Afrique ya Institut français, ambayo imekuwa ikikusanya na kuazimisha filamu hizi kwa maonyesho yasiyo ya biashara tangu miaka ya 1960. Baada ya hapo kuna Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, haibagui makumbusho na ukumbi wa biashara: filamu ya hadhara iainishwe kwanza. Makumbusho yakiwa na nia ya kualika shule, daraja la umri liulizwe kabla ya mwaliko kutumwa.

Kibali kikipatikana, uliza kopi. Hapa ndipo tungeomba wasimamizi wawe wagumu. Filamu za rangi za miaka ya 1960 na 1970 zilichapwa kwenye malighafi ambayo samawati yake hufifia kabla ya rangi nyingine, hivyo kopi nyingi za zamani leo ni wekundu mtupu kuanzia mbingu hadi majani. Ukanda wa asetati uliokaa kwenye joto na unyevu huanza kunuka siki, unajikunja na kusinyaa. Faili uliyotumiwa ikiwa ilitolewa kwenye kopi ya namna hiyo, hakuna projekta itakayoiponya. Kwa hiyo usiulize tu kama filamu ipo. Uliza kama imerejeshwa upya, na nani, mwaka gani.

Chukua mfano wa Ousmane Sembène wa Senegal (1923–2007), ambaye kwa maoni yetu ndiye anayefaa kufungua mfululizo wa kwanza. Borom Sarret ya 1963 ilirejeshwa mwaka 2013 na La Noire de... ya 1966 mwaka 2015, zote kupitia World Cinema Project, mradi wa kurejesha filamu za kale, na maabara ya Bologna. Mandabi ya 1968 ilirejeshwa mwaka 2019. Kopi safi zipo. Anayeleta DVD ya zamani kwa kisingizio cha haraka anawanyima watu wa Kisumu kitu ambacho watu wa Paris na New York wanakiona kikiwa kamili.

Faili zina mitego yake. Makumbusho makubwa hutumia DCP, yaani kifurushi cha faili za sinema, ambayo husomwa na mashine maalumu ya sinema, na mara nyingi hufungwa kwa ufunguo wa kidijitali unaofanya kazi kwenye mashine moja tu na kwa saa zilizotajwa. Saa hizo mara nyingi huandikwa kwa majira ya kimataifa, saa tatu nyuma ya yetu. Asiyelikumbuka hilo anaweza kukuta ufunguo bado haujaanza kufanya kazi watu wakiwa wameketi. Bila mashine hiyo, omba Blu-ray au faili ya kawaida ya ubora wa juu. Filamu ya dakika 90 kwa megabiti 20 kwa sekunde ni takriban gigabaiti 13.5, na flashi iliyopangwa kwa FAT32 haipokei faili inayozidi gigabaiti 4, kwa hiyo ipangwe upya kwa exFAT kabla ya kunakili. Diski nyingi hufungiwa eneo moja la dunia: Blu-ray ya Marekani ni kanda A na yetu ni B. DVD yao ni kanda 1 na yetu 5. Diski isiyolingana haitacheza, na hilo hugunduliwa watu wakiwa wameketi. Ichezwe yote, mwanzo hadi mwisho, kwa mashine ile ile, wiki moja kabla. Kucheza dakika tano za mwanzo si kuijaribu.

Stima nayo ipangiwe. Projekta ya taa ikikatiwa umeme ghafla, feni yake inasimama taa ikiwa bado na joto kali, na taa huharibika kabla ya wakati wake. Betri ya akiba ya VA 1,500 kwa projekta na kompyuta peke yake inatoa dakika chache, zinazotosha kuwasha jenereta au kuzima kwa utaratibu. Spika zisiunganishwe hapo, zitaimaliza.

Wengine wamependekeza filamu za Kiwolof na Kifaransa zisimuliwe papo hapo kwa Kiswahili, kama wafanyavyo ma-DJ wa vibanda vya video. Ufundi wao tunauheshimu na ungestahili jioni yake wenyewe makumbushoni. Lakini katika La Noire de... mhusika mkuu, Diouana, anachezwa na Mbissine Thérèse Diop, ilhali sauti ya mawazo yake ni ya mtu mwingine, Toto Bissainthe, kwa Kifaransa. Msichana huyo tunamsikia akiwaza kwa lugha ya waajiri wake. Sauti hiyo ikifunikwa, nusu ya filamu imeondoka. Tuandike tafsiri chini ya picha: mistari isiyozidi miwili, kila mmoja herufi 40 au pungufu, ibaki kwa sekunde moja angalau na isizidi saba. Kiswahili hubeba mengi katika neno moja refu, hivyo mstari uvunjwe baina ya vikundi vya maana, wala si popote nafasi inapoishia. Omba orodha ya mazungumzo kutoka kwa msambazaji pamoja na kopi isiyo na Kiingereza kilichokwisha kuchomwa kwenye picha, la sivyo lugha mbili zitapandana. Filamu ya saa moja na nusu ni kazi ya wiki tatu kwa mtafsiri mmoja na mhakiki mmoja, kisha isomwe kwenye skrini yenyewe na mtu ambaye hajawahi kuiona.

Mpangilio wa jioni tungeuweka hivi. Borom Sarret ina dakika 20 na La Noire de... dakika 60, ziende pamoja jioni ya kwanza, kwani katika miaka mitatu kati yake unaona fundi akivuka kutoka kisa cha siku moja cha mwenye mkokoteni mjini Dakar hadi filamu ndefu. Ukianza saa 12 jioni, kwa kuwa chumba kina giza lake na hakingoji jua, saa 1:20 umemaliza, nusu saa ya mazungumzo, na watu wako barabarani kabla ya saa 2. Wiki ya pili Mandabi, kisa cha mzee na hundi yake ya posta, ambacho yeyote aliyewahi kufukuzwa dirishani kwa kukosa kitambulisho atakielewa bila kuelezwa. Ya tatu Xala ya 1975. Camp de Thiaroye ya 1988, inayohusu wanajeshi wa Kiafrika waliouawa na jeshi la Ufaransa tarehe 1 Desemba 1944, inazidi saa mbili na nusu. Iwekwe Jumamosi saa 8 mchana, isisukumwe usiku. Ya mwisho iwe Moolaadé ya 2004, inayopinga ukeketaji, na siku hiyo walioalikwa kuzungumza watoke Kuria, ambako vita hivyo bado vinapiganwa. Filamu tano au sita zinatosha. Orodha ya kumi na tano huchosha wafanyakazi kabla ya watazamaji, na mwishoni kila kitu kinafanywa kwa haraka.

Mfululizo wa pili uwe wa Kenya: Anne Mungai, aliyetengeneza Saikati mwaka 1992, Wanjiru Kinyanjui, Judy Kibinge, Wanuri Kahiu. Kwa filamu zetu za miaka ya 1990, wa kwanza kuulizwa ni mtengenezaji mwenyewe, kwani ndiye anayejua kopi ya kwanza ilihifadhiwa wapi. Ikitolewa kwenye kanda ya video, mistari kama meno ya kitana itaonekana kila mtu anapotembea. Iondolewe wakati wa kunakili, si wakati wa kuonyesha.

Na sasa yale maelezo tuliyosema tutayarudia. Mlangoni kila mtazamaji apewe karatasi moja: jina la filamu, mwaka, nchi, dakika, lugha, umbo la picha, kopi imetoka wapi, nani aliirejesha, nani aliandika tafsiri. Anayeitambulisha filamu aseme kwa dakika tano asiitoboe hadithi. Karatasi hizo zihifadhiwe, nakala moja kwa kila onyesho, ili atakayepanga mfululizo ujao ajue kopi ipi ilikuwa nzuri na ya nani.

Maombi ya haki yanahitaji wiki 16 kabla ya onyesho la kwanza, tafsiri wiki 8, uainishaji wiki 6. Barua zikitumwa katikati ya Septemba, Januari inawezekana. Kupima giza, mwangwi na dari hakungoji bajeti: kunahitaji futi kamba, gazeti, na ruhusa ya kufunga madirisha mchana mmoja.

Mafundi wa maonyesho ya filamu,
Kisumu